Upande wa Mlangoni

Mwanamkasi alimaliza kukuna nazi ya wali wa mchana, akaifunika kwa kawa. Bi Mina, bibi wa nyumba, alikwenda arusini kwa shoga yake, na mumewe, Bwana Mwishehe, karani wa forodha, harudi mpaka saa nane. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka mafuta ya nazi yakatoka, kisha akaliangua gitaa la bwana ukutani.

Mwezi wa tatu huu alikuwa akijifunza bila kufundishwa. Kila alasiri Bwana Mwishehe akipiga ukumbini, kiti kimeelekea mlango apate upepo, yeye hukaa kwenye mkeka pale mlangoni akisubiri kutumwa, macho kwenye vidole vya bwana. Ule mkao wa vidole vitatu bwana aliuita kodi. Mwanamkasi alicheka moyoni aliposikia. Kodi aliyoijua yeye ni ile iliyomlaza baba yake porini, kule kwao Mkange, kila tarishi wa kuidai alipopita.

Akabana nyuzi. Ikatoka sauti ya sufuria lililoanguka. Akabana tena. Ncha za vidole vya mkono wa kulia zilimuuma, na gitaa likazidi kumtukana.

Mchana alimmwagia bwana maji ya kunawa. Bwana akanyoosha mkono wa kulia tu. Wa kushoto, wenye saa, ukabaki pajani.

Alasiri ile, bwana alipoanza kupiga, Mwanamkasi aliiona saa iko kwenye mkono unaobana nyuzi. Akatazama tena. Hakuwa amewaza hata siku moja kwamba kazi ngumu namna ile ungepewa mkono wa kushoto, mkono ambao huwezi kumpa mtu hata kikombe cha maji. Na kwa kuwa alikaa mbele ya bwana, kila kitu alikichukua kinyume. Miezi mitatu, kwa sababu ya pale alipowekwa akae.

Alipoleta chai hakurudi mkekani. Alizunguka, akasimama nyuma ya kiti.

"Wafanya nini huko?" Bi Mina, aliyekwisha kurudi kutoka arusini, aliuliza.

"Nimesimama, bibi."

"Kusimama nakuona. Mahali pako pale mlangoni."

"Mwache," bwana alisema akicheka. "Labda anataka akapige gitaa Mkange, nguruwe wa shambani wacheze."

Mwanamkasi hakucheka. Kutoka pale nyuzi zilikaa kama zitakavyokaa kwake. Kidole cha kwanza, uzi wa pili kutoka chini. Cha pili, uzi wa nne.

"Mwanamkasi." Sauti ya Bi Mina ilishuka. "Kazi kama imekushinda, sema. Sukari imepanda tena, hatulishi watu wa kusimama. Wanaoitaka nafasi yako wamejaa mjini."

"Haijanishinda, bibi. Nimeona vidole viwili. Bado cha tatu."

Bwana Mwishehe akaacha kucheka. Akageuka kumtazama, kisha akautoa mkono kwenye nyuzi, akaufumbata.

"Chukua sinia," alisema.

Akachukua. Jikoni akashika mpini wa mwiko kwa mkono wa kushoto, akaweka kidole cha kwanza, akaweka cha pili. Cha tatu akakiacha juu, hakukigusisha popote, maana hakutaka kukisia tena.