Dirisha la Balozi

Kaka yetu mkubwa tunamwita Balozi, na usidhani ni kwa heshima. Maishani mwake amefika ubalozini mara moja tu, alipotumwa na bosi wake kupeleka bahasha, tena mlinzi aliipokea getini na yeye akageuka kurudi na jua lilelile. Lakini ukimsikiliza anavyozungumzia viza utadhani mihuri anagonga yeye.

Basi binti wa dada yangu alipopata nafasi ya kusomea usafishaji wa maji taka kwenye chuo cha ng'ambo, Balozi alianza kuja kwetu kila siku bila kuitwa. Nyumba ni ya dada. Mimi ni mdogo wake, naishi naye tangu nilipoachika, na cherehani yangu iko sebuleni, chini ya ukuta wa picha. Balozi alikuwa anakula kwake mchana, halafu anakuja kula na kwetu, akimaliza anajifuta mdomo na kusema tuanze kazi.

Tatizo, alisema, ni Mrefu.

Mrefu ndiye kifungua mimba wa dada. Kitambo alikwenda nchi hiyohiyo kwa viza ya mwanafunzi, kama hii anayoiomba binti sasa. Masomo yakamshinda, viza ikaisha, akabaki huko anaosha vyombo mahotelini na kukwepa polisi. Kurudi hawezi, maana akitoka ndio basi tena. Ila simu hakukosa. Kila Jumapili, vyombo vikishatolewa mezani, Mrefu anapiga, na dada anamuuliza amekula nini. Hata akitajiwa chakula asichokijua, anamwambia aongeze chumvi.

Hoja ya Balozi ilikuwa hivi. Wale watu wakijua binti ana kaka aliyeingia kwa mlango wa mwanafunzi akapotelea humohumo, watasema na huyu atapotea, na viza ndiyo ameikosa. Bahati yetu, alisema, watoto hawa kila mmoja ana baba yake, majina hayafanani, hakuna karatasi itakayowaunganisha. Kilichobaki ni midomo yetu wenyewe.

"Kuanzia leo," akasema, "mama ana mtoto mmoja."

Akaichukua simu ya dada, akachukua na ya binti, akazuia namba ya Mrefu kote kuwili. Picha yake akaitoa ukutani kwa mkono wake, pakabaki mraba msafi juu ya cherehani yangu, rangi mpya kabisa. Dada alitaka angalau amweleze mwanawe kinachoendelea. Balozi akakataa katakata, eti ujumbe unasomwa, simu zinasikilizwa, watu wale hawalali. Viza ikitoka tutampigia, tutamsimulia yote, na mwenyewe atacheka mpaka ashike mbavu.

Mimi nilimwambia Balozi kwamba mtu hafutwi ukutani kama tarehe iliyopita. Akanijibu nishone. Na kweli nikashona, maana koti la binti la usaili lilikuwa halijaisha, na huyu mtoto nilitaka aende. Sisemi uongo, wote tulitaka. Alikuwa na kichwa, na hapa kwetu kichwa chake kilikuwa kinaishia kufundisha watoto wa jirani hesabu barazani.

Balozi alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kule, alisema, huongei na mtu, unaongea na kioo. Kwa hiyo yeye alikaa ndani jikoni, kwenye kiti, nyuma ya dirisha la nondo, na anayeulizwa akasimama nje juani. Ukikosea, unarudi hadi getini na kuja upya kama mtu anayefika mara ya kwanza. Majirani walidhani tumefungua duka.

Binti alishika haraka, vijana wana ndimi nyepesi. Dada ndiye aliyetutoa jasho. Balozi alisema ubalozi huwapigia wazazi simu kuhakiki, tena hutumia watu wanaojua Kiswahili kama mimi na wewe, wanakujia kwa upole mpaka umejisahau. Lazima mama awe tayari hata usingizini.

"Una watoto wangapi?"

Dada anafungua mdomo, machozi yanatangulia.

"Mama anayelia ana cha kuficha," Balozi anasema. "Rudi getini."

Na dada anarudi. Mtu mzima, mguu unamuuma, anatembea hadi getini na kugeuka. Nikimwambia Balozi amwache apumzike, ananiuliza kama mimi ndiye nitakayembeba binti mgongoni kumvusha bahari. Akawa anamvizia. Dada anaosha nguo, anasikia sauti nyuma yake, una watoto wangapi. Dada anasinzia kwenye mkeka, una watoto wangapi. Siku moja alimuuliza dada akiwa katikati ya kumeza chai, na dada bila kukohoa, bila hata kushusha kikombe, akasema:

"Sina mtoto wa kiume. Nina binti mmoja tu."

Kavu. Balozi akapiga nondo za dirisha kwa furaha, akatuita wote tuje tusikie, akamwambia arudie. Dada akarudia, kavu vilevile. Halafu akamimina chai yake chini na kwenda kulala mchana kweupe.

Siku ya usaili binti alivaa koti langu, na lilimkaa, hilo najisifu. Alirudi mapema. Mwanamke wa dirishani alimuuliza kwa nini maji taka na si kitu kingine, naye akamweleza jinsi mfereji wa mtaa wetu unavyofurika na watoto wanavyoruka humo pekupeku. Yule mama akacheka, akabaki na pasipoti, akamwambia asubiri. Habari za kaka hakuulizwa. Wala za mama.

Dada akasimama palepale na kusema basi sasa ampigie mwanawe. Balozi akamkalisha. Ndio kwanza wanaanza, akasema, wamecheka naye ili tujisahau. Uchunguzi wa kweli unafanywa kipindi hiki cha kungoja.

Na kweli simu ikaja. Ilikuwa mchana, wote tupo, namba ndefu ya nje. Balozi alikuwa ameshatoa amri kwamba namba ya namna hiyo inawekwa spika ili yeye asikie, hivyo akaiweka mezani na kubonyeza. Mwanamke akasalimia kwa Kiswahili cha taratibu, cha mtu aliyekaa mbali miaka mingi. Alisema yeye ni mkalimani tu. Kisha akauliza kama anaongea na mama yake fulani, akamtaja Mrefu kwa majina yake yote matatu.

Dada akashika ukingo wa meza.

"Nimeambiwa nihakikishe kwanza kama wewe ni mzazi wake," yule mwanamke akasema. "Ukithibitisha, nitakueleza jambo lenyewe."

Nilimtazama Balozi. Macho yalikuwa yanamng'aa kama mtu aliyeona mtego wake umenasa. Akainua kidole kimoja juu, mmoja, mmoja. Dada akaangalia ule mraba msafi ukutani.

"Sina mtoto wa kiume," akasema. "Nina binti mmoja tu."

Nyuma ya yule mwanamke kuna mtu alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu kisichoisha. Tukasikia minong'ono, halafu mwanamke akarudi.

"Una hakika, mama? Namba hii ametupatia yeye mwenyewe."

Hata hilo Balozi alishalitabiri, alisema watadai wamepewa namba. Dada alijibu vilevile, neno kwa neno. Mkalimani akaomba radhi kwa usumbufu, na simu ikakatika.

Balozi alimkumbatia dada yake, akasema hata majasusi hawawezi. Dada aliuliza swali moja tu, nani alikuwa anakohoa pale.

"Ofisi zao zina baridi," Balozi akasema, na akaomba chai.

Viza ilitoka. Binti alirudi nayo akikimbia, tukapiga vigelegele, Balozi akapita nyumba hadi nyumba kupokea pongezi kana kwamba yeye ndiye anayekwenda kusoma. Dada hakupiga hata kigelegele kimoja. Alimwendea Balozi na simu mkononi, akamwambia aifungue namba ya mwanawe hapohapo. Ikafunguliwa. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena na tena, siku hiyo na zilizofuata, haipatikani.

"Amenuna," Balozi akasema.

"Ana haki," dada akasema. Akaniagiza nimshonee Mrefu shati, binti ampelekee, amwombee msamaha wetu. Nikalishona la mikono mirefu, maana mikono yake naikumbuka. Dada alilikunja mwenyewe na kuliweka juu kabisa ya begi, lisijikunje.

Binti alipofika, alikitafuta kile chumba ambacho kaka yake alikuwa anakaa na wenzake. Usiku wake hakulala, na asubuhi alinipigia mimi, si mama yake. Nilikuwa napachika vifungo. Alikuwa analia kiasi kwamba ilibidi nimwambie aanze upya.

Mrefu aliugua mapafu. Kwa kuwa hana karatasi aliogopa hospitali, akavumilia chumbani mpaka wenzake wakambeba. Kabla ya hapo alikuwa anapiga nyumbani kila siku, haipokelewi. Kule wodini aliomba apigiwe mama yake, akawatajia namba kwa kichwa. Wakatafuta mkalimani. Simu iliwekwa kifuani pake, kwa sauti ya juu, asikie mwenyewe, kwa sababu mikono haikuwa na nguvu ya kuishika.

Alisikia. Mwenzake mmoja wa chumbani alikuwepo pembeni ya kitanda, ndiye aliyemsimulia binti. Anasema Mrefu hakukasirika. Alimwomba mkalimani aulize tena, mara moja tu. Ile "una hakika, mama" ilikuwa yake. Alipojibiwa, aliwaambia wauguzi kuwa labda namba ameikosea, ni zamani sana. Baada ya hapo hakuomba apigiwe mtu mwingine. Amezikwa na manispaa, kwenye safu ya wasio na ndugu.

Nilimwambia dada kwa mdomo wangu, yote, pamoja na hiyo ya kuulizwa tena. Watu wananilaumu, wanasema ningemfichia hiyo. Waache waseme. Nyumba hii ilishaficha vya kutosha. Dada hakupiga ukelele. Alichukua picha ya Mrefu kutoka uvunguni, akaipangusa vumbi na kuirudisha kwenye msumari wake.

Watu wakaanza kuja kutoa pole. Balozi naye akaja, akapita moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kile kiti chake karibu na dirisha, akawa anawaambia wageni kwamba ni kazi ya Mungu, haina makosa. Dada alikuwa sebuleni kwenye mkeka. Akainuka. Tulidhani anakwenda msalani. Tukamwona kupitia mlangoni anatembea hadi getini na mguu wake ule, anageuka, anarudi taratibu juani, mpaka akasimama nje ya dirisha la jikoni na kushika nondo.

"Niulize," akasema.

Balozi akamwambia dada aingie ndani, jua kali.

"Niulize, kaka. Kila siku ulikuwa unaniuliza."

Balozi akageuka kunitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi. Akidhani nitamwokoa, amekosea nyumba.

"Muulize," nikamwambia.

Balozi akainamisha kichwa, akauliza.

"Una watoto wangapi?"

"Mmoja," dada akasema, kavu, kama alivyofundishwa. "Endelea."

Balozi akafungua mdomo aulize la pili, la mtoto wa kiume, likakwama. Mabega yakaanza kumcheza, machozi yakamdondokea magotini mbele za watu, mwanaume mzima na mvi zake. Dada alimwangalia kupitia nondo bila kupepesa.

"Anayelia ana cha kuficha," akasema. "Anza upya."

Balozi akajifuta uso kwa kiganja, na akaanza upya.