Kumzika Bi Funguo

Habari za kifo changu nililetewa na dereva. Alikuja kunichukua asubuhi kama kawaida, na hata mlango wa gari sijafunga vizuri akageuka na kuniambia, "Pole sana, Bi Funguo. Jana tumekuzika."

"Mmenizika? Wapi?"

"Nyuma ya ule uwanja wa zamani. Umati wa kutosha, mama. Watu wamelia mpaka mimi mwenyewe, niliyekuwa nimekaa tu kwenye gari, nikajikuta natafuta leso."

Lo! Nikamwambia aendeshe gari, aache umbea. 

Bi Funguo si jina langu. Ni mwanamke niliyemcheza kwenye tamthilia kwa miaka mingi, mama mkwe mwenye nyumba yake na kauli yake, anayetembea na shada la funguo kiunoni. Funguo za stoo, za kabati, za friji, hadi za choo cha wageni. Kwenye skripti ya kwanza hazikuwemo. Iliandikwa tu, "Mama mkwe anaingia, amekasirika." Nikajiuliza, amekasirika na nini mkononi? Nikaenda kwa fundi wa milango, nikamwomba zile kuukuu zote alizokuwa anataka kutupa, nikazifunga kwenye kamba. Tangu siku hiyo mtazamaji anamsikia Bi Funguo kabla hajamwona, na mkwe wake jikoni anadondosha kijiko.

Watu walinichukia, jamani! Nilichukiwa hasa. Nesi mmoja alinichoma sindano huku akiniuliza kwa nini nilimnyima yule binti blanketi. Na wote waliamini nimejifunza ukali huo kwa mama mkwe wangu mwenyewe. Maskini mama wa watu! Mwanamke asiyeweza kumfukuza hata kuku jikoni. Tangu mwanawe, yaani mume wangu, atutoke, tumebaki wawili, na riziki ya nyumba ni kazi yangu hii. Kila tamthilia ikianza anavuta kiti karibu na televisheni, na ikiisha ananikosoa. "Leo mkwe wako amekuzidi. Ungembana kwenye sukari." Yeye! Ambaye mimi hajawahi kuninyima hata kipande cha sabuni.

Sasa, sisi watu wa picha hatuanzi mwanzo tukaishia mwisho. Tunapiga kwa kufuata mahali. Ukipewa hospitali kwa siku moja, utazaa na utafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo, hata kama mimba yenyewe utaipata wiki ijayo. Mtu anaachwa kabla hajaolewa. Kwa hiyo kunizika kabla sijafa si ajabu. Uwanja ulipatikana, wakachimba shimo, wakaleta sanduku tupu, wakalia. Maiti haikuhitajika, basi hawakuniita. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeniambia naumwa.

Nilipofika nikaenda moja kwa moja kwa prodyuza mpya. Kijana mmoja hivi, tunamwita Viatu Vyeupe, maana hata kwenye tope anavaa vyeupe na anataka watu waone. Akanipokea kwa tabasamu refu.

"Mama yetu! Kaa, kaa. Nilikuwa nakutafuta nikuambie."

"Umeniambia kwa koleo, baba. Nimeshafukiwa."

Akacheka. Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwamba mimi ni hazina. Kwamba watazamaji wamechoka na wanawake wakali, wanataka kufarijika. Kwa hiyo Bi Funguo ataugua, atamwita mkwe wake kitandani, atalia, atamwomba msamaha kwa kila kitu, atamkabidhi shada la funguo, halafu atafumba macho. "Nataka wakupende kabla hujaondoka."

"Wananichukia vizuri tu. Waache."

"Haiwezekani, mama. Mazishi tumeshapiga. Binti amevaa funguo zako kiunoni, analia kaburini. Tangazo limeanza kurushwa jana jioni, watu wanalizungumzia. Zile funguo lazima ziwe zimemfikia."

Akafungua kompyuta akanionyesha. Kweli, binti anayecheza mkwe wangu amesimama ukingoni mwa shimo, nguo nyeusi, shada langu kiunoni, machozi yanamtiririka. Alilia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Nikamuuliza Viatu Vyeupe, na mimi baada ya hapo?

"Nina tamthilia mpya. Nafasi yako ipo, nimekuwekea mwenyewe. Wewe ni bibi. Unakaa kwenye kiti karibu na dirisha."

"Nafanya nini?"

"Unafuma."

"Nasema nini?"

"Unasema, 'Mungu awabariki, wajukuu zangu.'"

"Halafu?"

"Halafu unatabasamu."

Nilimtazama mpaka akaanza kupanga kalamu zake mezani. Mimi kazi hii niliianza kwa kubeba trei. Nilikuwa naingia, nasema, "Karibuni chai," natoka. Picha baada ya picha, trei ile ile. Nikapanda nikawa jirani mbea, nikawa mke mdogo, nikawa shahidi mahakamani, mara mbili nikawa maiti. Nilipigana kwa meno na kucha kupata mwanamke mwenye sentensi zake na nyumba yake. Na sasa kijana wa juzi ananirudisha kwenye "Karibuni chai", ila safari hii nimekaa! Wakati mume wangu wa kwenye tamthilia, mzee anayenizidi umri, ambaye hakumbuki neno mpaka aandikiwe kwenye kadibodi, kwenye tamthilia hiyo hiyo mpya amepewa uwaziri. Nilisikia hasira inanipanda mpaka masikioni.

"Nibadilishie maneno ya kitandani," nikasema. "Bi Funguo afe, sawa. Asiombe msamaha."

"Yatasemwa kama yalivyoandikwa. Ukiyasema, kiti cha dirishani ni chako. Usipoyasema, sina la kukusaidia, mama yangu."

Nikasimama. "Yatasemwa kama yalivyoandikwa," nikamjibu, nikatoka.

Nyumbani nilimsimulia mama mkwe wangu. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Kiti si kibaya," akasema. "Miguu inakuuma siku hizi."

"Mama!"

"Nasema ukweli. Na tusidanganyane, ukimwaga unga tutakula nini?" Akachambua tena kidogo. "Ila yule mwanamke haombi msamaha. Mimi namjua yule."

Hilo ndilo lililoninyima raha. Si kwamba Bi Funguo alikuwa mwema, la hasha. Ila alikuwa mtu. Alikuwa na sababu zake, alizisimamia, na mimi ndiye niliyempa mgongo wa kusimamia. Kumpigisha magoti ili Viatu Vyeupe auze matangazo ya sabuni kati ya kipande na kipande, hapana. Lakini na njaa nayo naijua, tumewahi kuishi nayo nyumba moja.

Siku ya kufa ilifika. Nyumba tuliyopigia ilikuwa ya kukodi, na mwenyewe alitaka chumba chake cha kulala kabla ya jioni, maana ndio ilikuwa siku ya mwisho tuliyolipia. Dirisha wamelifunika kitambaa cheusi, taa mbili kubwa zinachoma, kitanda kimejaa mito. Dada wa vipodozi alinipaka unga mpaka nikaogopa kioo. Shada la funguo wakaniwekea mkononi. Mwongozaji, mtu mpole tuliyeanza naye tangu enzi za trei, aliniinamia akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia naumwa sana, sitegemei kupona. Akatabasamu upande mmoja.

Binti akaja akapiga magoti kando ya kitanda. Huwa ananiamkia kila siku kabla ya kazi, hata siku ambazo nitamtukana kutwa nzima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo usinionee huruma. Fanya kazi."

"Ekshen!"

Nikafanya kama nilivyoandikiwa. Sikubadilisha neno. Nilisema, "Njoo karibu." Nilisema, "Nimekukosea sana." Nilisema, "Nisamehe, mwanangu." Ila niliyasema kwa jicho la Bi Funguo na sauti ya Bi Funguo, ile ya kumtuma mtu dukani. Hiyo "nisamehe" ilitoka kama amri. Nikaona nywele za mkono wa binti zimesimama. Machozi skripti iliyataka, nikayatoa, machozi ya mtu anayeibiwa.

Halafu nikamnyooshea mkono wenye funguo. Imeandikwa hivyo, "Anamnyooshea funguo." Binti akazishika. Imeandikwa, "Anakufa." Nikafa.

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba naachia.

Nilikufa nimekaza ngumi.  Binti alivuta kidogo. Ng'o. Akavuta tena. Nilijua anachofikiria, maana ndiyo hesabu yetu sisi watu wa picha: kaburini ameshavaa funguo, kwa hiyo hatoki chumbani bila funguo. Mazishi hayarudiwi, shimo limeshafukiwa, tangazo liko hewani. Angeweza kusimama akasema, "Mama haachii." Kamera ingezimwa, tungebembelezana, tungerudia. Sikuwa nimemwambia chochote. Nilimwachia mwenyewe.

Nikasikia kidole changu kidogo kinainuliwa.

Taratibu. Akaja cha pili. Alikuwa anapumua kwa pua, pumzi ndogo ndogo za mtu anayesikiliza kama kuna anayekuja. Cha tatu. Funguo zikagongana, akazibana haraka zisilie. Akamaliza. Nikasikia kamba inazungushwa kiunoni, fundo linafungwa, kitambaa kinavutwa kufunika. Akaulaza mkono wangu kifuani, akaupiga-piga mara mbili kama anamlaza mtoto. Na baada ya hayo yote, ndipo akapiga yowe. "Mamaaa! Mama yangu weee!"

Jamani! Mwili mzima ulinisisimka, na maiti haisisimki, nikajikaza kisabuni. Kwa sababu niliyaona yale mazishi upya, kwenye giza la macho yangu. Yale machozi ukingoni mwa shimo, na shada kiunoni. Hawakuhitaji kupiga hata kipande kimoja tena. Nchi nzima ingemtazama yule mtoto mpole akilia, na ingejua.

"Kata!" Haikuwa sauti ya mwongozaji. Ilikuwa ya Viatu Vyeupe. "Kata, kata! Ni nini hiki? Anaiba? Mkwe mwema anaiba? Rudieni! Mama, amka, turudie."

Sikuamka.

"Mama. Kazi imesimama. Amka."

Nikabaki nimekufa. Kifua nilikibana, pumzi nikaivuta kwa ncha ya pua. Mtu wa kurekodi sauti alikohoa, nadhani alikuwa anameza kicheko.

"We binti, mwambie aamke!"

"Amekufa, bosi," binti akasema. Sauti ilimtetemeka, lakini alisema.

Nikasikia viatu vinakuja. Akainama sikioni kwangu, akanong'ona, na hapo tabasamu halikuwepo tena. "Sikiliza. Ukiamka sasa tukarudia, kiti ni chako, na mkataba unasaini leo. Usipoamka, kwangu hutacheza tena. Hata mpita njia. Nahesabu mpaka kumi."

Niliogopa. Msinione jasiri. Nilimfikiria mama mkwe wangu na ungo wake. Nilifikiria miguu yangu, na kile kiti, ambacho kwa kweli kilikuwa na mto mzuri. Kope ziliniwasha. Akahesabu mpaka mwisho, polepole, akinipa nafasi, na kila namba ilikuwa mlango uliobaki wazi.

Nikaacha ufungwe.

Mlangoni mwenye nyumba aliuliza kama huyo mama kitandani ni mzima, na kama ni mzima, lini tutamwachia chumba chake.  Ndipo nikamsikia yule mpole, mwenzangu wa enzi za trei, akivuta pumzi ndefu.

"Tumepata," mwongozaji akasema. "Zimeni taa. Pakieni vyombo."

Viatu Vyeupe alitoka na mlango aliubamiza. Nikafumbua macho. Binti alikuwa bado amepiga magoti, analia kweli sasa, na mimi nilikuwa nalia, unga wote usoni umekuwa uji.  Nikamwambia aende akanawe uso, kesho watu wataanza kumtukana.

Ikarushwa. Simu zikapigwa nyumba hadi nyumba, watu wakamlaani yule binti kwa majina ambayo hata mimi sikuwahi kupewa, na Viatu Vyeupe, ambaye hana dogo kwenye biashara, akaongeza msimu mzima wa yule mkwe mwizi. Akamlipa vizuri. Mimi hakunipigia, na kiti cha dirishani alipewa mwingine.

Jioni ile iliporushwa, mama mkwe wangu alivuta kiti chake karibu na televisheni. Kwenye picha nilipofika kitandani, akanishika mkono. Nilipokaza ngumi, naye akakaza. Yule binti alipomaliza kupiga yowe, mama akazima televisheni mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Umekufa vizuri, mwanangu," akasema.

Asubuhi akanipigia pasi gauni, nikaenda kutafuta kazi.