Diski Namba Mbili

Rawiya na kaka yake Munther walikuwa na studio ya video za harusi mjini Tripoli, Lebanon, juu ya duka la halua. Kazi zao za miaka sita zilikaa kwenye kompyuta moja yenye diski nne, zilizounganishwa zifanye kazi kama diski moja. Ikifa moja, zile tatu huweza kuijenga upya. Zikifa mbili, basi tena.

Jumanne asubuhi ikafa moja. Kompyuta iliandika: namba mbili. Rawiya alikuwa na diski mpya mkononi na mgeni kitini, Umm Wadih, aliyekuja kuchukua harusi ya mwanawe. Mumewe, Abu Wadih, alicheza ngoma ya dabke siku ile. Wiki tatu baadaye wakamzika.

"Bado tu, binti yangu?"

"Sasa hivi, mama."

"Hata juzi kwenye simu ilikuwa sasa hivi."

"Harakisha," Munther alisema. "Jenereta ya mtaa inazimwa saa sita."

Rawiya akahesabu kutoka juu, moja, mbili, akachomoa. Kompyuta ikapiga kelele. Mafaili yote yakatoweka.

"Umetoa ipi?"

"Ya pili."

"Mashine inahesabu kuanzia sifuri, we Rawiya! Hiyo ilikuwa nzima!"

"Na ulikuwa wapi kusema?"

Umm Wadih akaweka chini kikombe cha kahawa. "Abu Wadih yumo humo?"

Rawiya akairudisha diski, mashine ikaikataa. Munther, jasho likimtoka, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kupanga diski upya. Dada yake akamdaka mkono.

"Ukibonyeza hapo unafuta kila kitu! Kaa pembeni."

Akasoma namba za kiwandani za kila diski, akaziandika kiganjani, akazilinganisha na zile ambazo mashine ilizikumbuka. Kisha akailazimisha iikubali ile diski kama ilivyokuwa kabla hajaichomoa. Akafumba macho. Alipofumbua, mafaili yalikuwa yamerudi.

Zilibaki dakika ishirini. Hawakugusa diski mpya. Walinakili kwanza harusi ya Umm Wadih kwenye diski ndogo, Rawiya akisimama, akikaa, akisimama tena. Nakala ikaisha, wakazima kompyuta, na umeme ukakatika hapo hapo.

Munther akafungua video kwenye kompyuta yake ndogo ya betri. Abu Wadih akatokea mstari wa mbele, akikanyaga nje ya mdundo.

"Mtazame, miguu kama ngamia!" Umm Wadih alicheka huku akijifuta machozi.

Umm Wadih alipoondoka, Rawiya alitembea toka dirishani hadi mezani mpaka jenereta iliponguruma saa nane. Akahesabu kwa sauti, sifuri, moja, mbili, Munther akirudia nyuma yake, ndipo akabadilisha ile iliyokufa. Ujenzi ulichukua hadi kesho yake asubuhi. Wiki iliyofuata walinunua kompyuta nyingine, wakaweka nakala ya kila kitu kwa shangazi yao, mji jirani wa El Mina.