Karanga ya Buluu Mlangoni

Siku ya kuhesabiwa, mtaa mzima wa Kaldogo ulishinda nyumbani kama mtaa wa wagonjwa. Manispaa ilikuwa imetangaza redioni wiki nzima kwamba sasa maendeleo yanaingia pembezoni mwa Ouagadougou: atakayekutwa nyumbani kwake ataandikiwa namba mlangoni, mwenye namba atapewa kiwanja kilichopimwa, na kiwanja kitafuatwa na bomba la maji, barabara na taa. Asiye na namba, nyumba yake ni udongo tu, na tingatinga halina tabia ya kubisha hodi. Kwa hiyo watu walijipanga. Mzee mmoja wa upande wa kisimani alitolewa hospitali na dripu yake mkononi, akalazwa mlangoni pake ahesabiwe, halafu arudishwe akaendelee kuugua. Jamaa mwingine mwenye vibanda vitatu aliwagawa wake zake wawili na mama mkwe, kila mmoja mlango wake, akawakataza kusalimiana.

Rasmané Bancé hakuhitaji ujanja wowote. Alikuwa na nyumba moja ya vyumba viwili, matofali yake aliyafyatua mwenyewe miaka kumi na minne iliyopita, enzi hizo Kaldogo ikiwa shamba la mtama na nyoka. Alikuwa na mke mmoja, Habibou, na watoto wanne. Na alikuwa na mdomo. Kwenye harusi, misiba na foleni za maji, watu walimtafuta Rasmané kabla hawajatafuta pa kukaa. Yeye ni Mbisa, na Wabisa na Wagurunsi ni watani tangu kwa mababu. Mgurunsi humwita Mbisa mtumwa wake, mla karanga. Mbisa humjibu kwamba mtumwa ni yeye, tena mla kichwa cha mbwa. Mwiko ni mmoja tu: kukasirika. Rasmané hajawahi kukasirika. Alipenda kusema kwamba siku aliyozaliwa yeye alicheka, aliyelia ni mkunga.

Saa nne asubuhi walifika watu watatu wa manispaa: karani wa kike mwenye daftari, mpaka rangi mmoja mnene mwenye kopo la buluu, na mkuu wao, Éloi Bationo, shati lake limepigwa pasi hadi likataka kusimama lenyewe. Nyuma yao walifuata majirani kama arobaini, maana kuona mwenzako akiandikiwa namba nayo ni starehe. Jirani wa kushoto akapata 215. Wakafika kwa Rasmané, karani akauliza jina.

"Bancé."

Bationo akavua miwani. "Bancé wa wapi? Usiniambie ni Mbisa."

"Mbisa wa kuzaliwa. Na wewe bwana mkubwa?"

"Bationo."

Jina la Kigurunsi. Majirani wakaguna kwa raha na kusogea karibu. Walijua kinachokuja.

"Kumbe mtumwa wangu umejificha huku," Bationo akasema. "Babu yako alitutoroka na gunia la karanga, kesi yake hatujaifunga mpaka leo."

"Hakutoroka. Alimwachia babu yako mbwa wanne awachunge, kurudi akakuta zimebaki kamba."

Hata mpaka rangi alilazimika kuweka kopo chini. Bationo alisubiri kelele zitulie, kisha akamgeukia karani akamwambia asiandike kitu, kwa sababu Mbisa hahesabiwi, Mbisa hukaangwa. Rasmané akamjibu aandike upesi aondoke, kwani mbwa wa mtaa wameshapata habari kuwa yumo humu na wameanza kuaga watoto wao. Ikaendelea hivyo, huyu akipiga, yule akirudisha, mpaka wanawake wakakaa chini. Mwishowe Bationo akamnyang'anya mpaka rangi brashi, akainama, na pale ilipopaswa kuandikwa 216 akachora karanga. Hatumnyimi haki yake, aliichora vizuri: nundu mbili, kiuno katikati, na vile vistari vya ganda kimoja kimoja.

Mtaa ukalala chini kwa kicheko. Aliyecheka kupita wote alikuwa Rasmané mwenyewe. Aliwaita watoto waje waone baba yao alivyosajiliwa na serikali. Bationo akampiga bega, akamwambia namba itafuata siku atakayoleta lile gunia, wakahamia nyumba ya pili. Ile ikapata 217.

Habibou hakucheka. Yeye ni Mmosi wa upande wa Ziniaré, ugomvi huo wa karanga na mbwa haumhusu, na asiyehusika huona mambo yalivyo. Alimvuta mumewe pembeni akamwomba awakimbilie kabla hawajapinda kona.

"Rasmané, karanga si namba," alisema.

Rasmané akamwambia hajui utani wao. Mbisa kumkimbilia Mgurunsi njiani na kumbembeleza, angechekwa mpaka na wajukuu ambao hawajazaliwa. Mtu huyo angerudi kesho, na akirudi angekuta matusi mapya yamepikwa yameiva. Habibou akaingia ndani kusonga ugali. Siku tatu zilizofuata watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuiona karanga ya buluu, na Rasmané alisimama kando yake akiwasimulia. Habibou alipochukua kitambaa kuifuta, alimkataza.

Siku ya nne orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa manispaa. 215 alikuwa jirani wa kushoto. 217 alikuwa jirani wa kulia. Kwenye 216 paliandikwa jina la mwanamke, Bado Clémence, mkazi wa Kaldogo kwa miaka kumi na minne. Kaldogo nzima hakuna aliyewahi kumwona Clémence huyo, hata kwa bahati mbaya. Baadaye ilisemekana ni shemeji yake Bationo, na hakuna aliyejisumbua kukanusha.

Rasmané akaenda manispaa. Mtu wa dirishani alipoona jina kwenye kitambulisho, uso ulimng'aa: huyu si ndiye yule wa karanga? Akaita wenzake. Walimletea kiti, walimletea maji, wakamwomba asimulie kile kisa cha kamba za mbwa. Na Rasmané, Mungu amsamehe, alisimulia. Alisimulia vizuri kuliko siku ile, akaongezea na mbwa wa tano. Alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba hakulalamika.

Safari ya pili alivaa kanzu yake ya Ijumaa na akaapa kutotania. Aliwaeleza kwa sauti ya msibani kwamba nyumba ni yake, kwamba siku ya kuhesabiwa alikuwepo, kwamba badala ya namba alichorewa karanga. Walicheka kuliko mara ya kwanza. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akieleza habari za karanga bila kutabasamu, wapi tena wangekiona kichekesho cha aina hiyo? Mmoja alimwomba arudie lile neno "badala".

Safari ya tatu alipeleka malalamiko kwa maandishi. Aliyeyapokea alikuwa yule karani wa daftari, na yeye hakucheka. Aligonga muhuri, akafungua jalada, akamwambia alete mashahidi kwamba alikuwepo nyumbani na alinyimwa namba. Rasmané karibu ambusu. Mashahidi anao arobaini.

Alianza na wa kushoto, 215. Jirani alikiri kwamba Rasmané alikuwepo. Karanga pia aliiona, nani hakuiona. Lakini kunyimwa? "Ule si ulikuwa utani?" alisema. "Na wewe mwenyewe ulikuwa unagaragara." Wa kulia alisema hivyo hivyo, tena akifunga mlango polepole, mlango wenye 217 inayong'aa. Mtu mwenye namba hapendi kuisumbua manispaa, isije ikahesabu upya. Mpaka jioni Rasmané alikuwa amepata shahidi mmoja, yule mzee wa dripu, naye akafariki Jumapili.

Tingatinga likatangazwa kwa mwezi uliofuata. Rasmané akaenda kumvizia Bationo ukumbini, nje ya ofisi yake, saa ya mapumziko, pakiwa hapana mtu. Hakumwita mtumwa. Alimwambia, "Bwana Éloi, leo sikutanii. Nina watoto wanne."

Bationo aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na mchezo hata chembe.

"Mimi hata siku ile sikuwa natania," alisema. "Lakini ulicheka, mtani. Watu arobaini walikuona ukicheka."

Wakati huohuo makarani wakaanza kurudi kutoka kula. Bationo akapandisha sauti, akamshika Rasmané shavu kama mtoto na kuuliza gunia lake la karanga liko wapi. Makarani wakacheka, wakasimama kungoja jibu. Jibu la Rasmané halikutoka mdomoni. Akampiga ngumi moja. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyefyatua matofali ya nyumba nzima peke yake. Bationo alitema jino.

Kabla Rasmané hajafikishwa kituo cha polisi, habari ilikuwa imeshazunguka mji: Mbisa amempiga Mgurunsi. Wazee wa Kibisa walikuja kituoni asubuhi, wakiongozwa na mzee Lingani, muuza vitambaa, mtu mwenye heshima zake. Rasmané aliwaona akadhani wamekuja kwa ajili ya nyumba. Wao waliuliza jambo moja: ni kweli kwamba alikasirika? Kwa nini, hakuna aliyeuliza. Mzee Lingani alisema Wagurunsi walilala ndani ya kaburi la baba yake mzazi, wakamrushia karanga maiti na kukataa kutoka, na yeye aliwacheka huku analia. Leo huyu anampiga mtu kwa sababu ya mchoro. Habibou, aliyekuwa amemletea mumewe chakula, akajaribu kuingiza neno la 216. Aliambiwa kwa upole kwamba wewe mama si wa huku, haya huyajui.

Wakapatanishwa ofisini kwa katibu wa manispaa. Wagurunsi walikaa upande mmoja, Wabisa upande mwingine, na hakuna aliyemtukana mwenzake, jambo lililowatisha wote. Bationo alikuwa na plasta mdomoni na huruma usoni. Alisema kumpiga mtumishi akiwa kazini ni miaka miwili jela, lakini yeye hawezi kumfunga mtani wake. Anachotaka ni Rasmané aseme tu kwamba ulikuwa utani, mkono ukateleza.

"Sema, mwanangu," mzee Lingani akamnong'oneza. "Sema ulikuwa unatania, twende nyumbani."

Rasmané alimwangalia polisi aliyesimama mlangoni.

"Nilikuwa natania," alisema.

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mgurunsi mmoja akasema Wabisa wana utani wa kung'oa meno, watu wakacheka kwa pupa, kama walionyimwa chakula. Katibu alifurahi sana. Alisema mapatano haya atayaingiza kwenye taarifa ya mwaka, kwenye sura ya huduma kwa wananchi. Watu walikuwa wameshaanza kusimama na kupeana mikono pale karani wa daftari alipoinua kalamu. Alikuwa na jalada la pili mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kujua aliweke kabati gani.

"Na haya malalamiko ya kiwanja?" aliuliza. "Nayo ni utani, au yanaendelea?"

Mikono ilibaki hewani. Bationo akaanza kupangusa miwani yake. Mzee Lingani alikaza macho, na polisi, aliyekuwa ameshafungua mlango, akaurudishia. Dirisha lilikuwa wazi, na Rasmané alijua Habibou amesimama pale verandani, hatua mbili kutoka dirishani.

"Nayo," alisema. "Nilikuwa natania."

Karani akaandika, akaligeuza jalada, akamwonyesha kwa kidole pa kutia sahihi. Rasmané alipotoka, verandani hapakuwa na mtu. Habibou alikuwa ameshatangulia Kaldogo kung'oa mabati, angalau hayo yasisagwe.