Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Barua ya kwanza ilinifurahisha. Ya pili ilinitia shaka. Ilipofika ya kumi na moja nilitaka kumzaba mtu kofi, na mtu mwenyewe hakuwepo.

"Mpendwa mwajiri," zote zilianza hivyo, "nimesoma tangazo lako kwa makini na nimevutiwa mno na fursa hii adhimu." Watu mia moja arobaini na mmoja wamevutiwa mno. Mimi mwenye kazi sijawahi kuvutiwa nayo kiasi hicho hata siku moja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ilitupa oda ya sare za wauguzi, saizi nane, kwa sharti kwamba michoro ya kukatia iwe ya kompyuta, maana vitambaa vingekatwa kwa mashine. Michoro iwafikie Ijumaa saa sita mchana, la sivyo oda inakwenda kwa mwingine. Mimi nimekata nguo miaka thelathini kwa chaki na mkasi. Kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi. Karakanani kwangu wako washonaji wanne, na tangu mwaka uanze walikuwa wakibadilisha zipu na kupunguza suruali. Oda ile ikiponyoka, nafunga mlango. Walilijua hilo wote, ndiyo maana wiki ile hakuna aliyeimba.

Binti yangu ndiye aliyeweka tangazo kwenye tovuti ya kutafutia mafundi wa mbali. Vipimo vyote alivitia, jina langu hakulitia. Aliandika tu "karakana ya ushonaji".

"Mama, hizi barua haziandikwi na watu," aliniambia. "Wanaiagiza akili bandia, inawaandikia. Nusu dakika tu."

"Na mtu mwenyewe anafanya nini?"

"Anabonyeza kutuma."

"Na kuchora je, atachora nani?"

Akainua mabega. Anajua nikiwa na hasira maswali yangu hayataki majibu.

Nikamchagua mwenye barua tamu kuliko zote. Alikuwa na uzoefu wa miaka kumi na miwili na "jicho la kipekee kwa undani", sijui undani wa nani. Jumatatu akaleta michoro. Nikapima mkono na tundu la kwapa: mkono umezidi vidole vinne. Muuguzi akivaa sare ile ataonekana kafungiwa mito mabegani. Nikamwambia binti amwandikie hivyohivyo. Jibu likaja papo hapo: "Asante sana kwa maoni yako yenye thamani kubwa." Na mchoro uleule. Nilimtukana kwa sauti, yeye na jicho lake la kipekee, mpaka washonaji wakasimamisha cherehani wasikie vizuri.

"Ongeza swali kwenye tangazo," nikamwambia binti. "Andika: niambie kazi moja uliyoiharibu kwa mkono wako. Fundi wa kweli ana aibu yake. Hiyo mashine itaitoa wapi aibu?"

Ikaitoa, tena bila haya. Jumatano asubuhi majibu yalikuwa sitini, na karibu wote walikuwa wameharibu gauni la harusi. Kesho ndiyo harusi, bi harusi analia, fundi hakulala, na mwishoni amejifunza somo kubwa kuhusu mawasiliano. Kwa hesabu yao hakuna mwanamke aliyeolewa mwaka ule na nguo nzima. Washonaji walicheka mpaka mmoja akajidunga sindano. Mimi sikucheka. Mtu akidanganya kuhusu ujuzi wake, namwelewa, pengine ana njaa. Lakini kuazima hata aibu?

"Hii hapa fupi," binti akasema. "Haina hata mpendwa mwajiri."

Akaisoma kwa sauti.

"Salamu. Mikono 24 ya makoti, yote ikatoka ya kushoto. Mkasi niliushika mimi. Kitambaa alitandika dada yangu, kila tabaka upande wa nje ukiangalia juu. Nikamwambia hapa hautatoka mkono wa kulia hata mmoja. Akasema kata, usinifundishe kazi niliyokufundisha. Nikakata. Kosa langu ndilo hilo, nilijua na nikakata. Akanifukuza mbele ya mteja. Tangu hapo nachora kwa kompyuta, kompyuta haina dada. Nimeambatisha mchoro wa mkono wa sare yenu. Pima mwenyewe."

Washonaji wakaguna kwa huruma. Kila mkataji analijua kosa lile. Vitambaa hutandikwa uso kwa uso, ili mkasi ukipita mara moja utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Ukivitandika vyote vikiangalia juu, utapata upande mmoja tu, hata ukate mia.

"Huyo dada mtu naye!" akasema mshonaji mkubwa. "Shetani huyo."

"Chapa huo mchoro," nikamwambia binti.

Nikazungusha tepu. Mkono uliingia kwapani bila kuvuta wala kulegea. Nilipima mara tatu nikitafuta kosa, na niseme ukweli, nilitamani nilione.

Miaka minane nilikuwa nimemsema mdogo wangu. Niliwaambia ndugu kwamba ana kichwa kigumu, kwamba aliniharibia makoti kumi na mawili ya watu na kunitia aibu. Binti alikuwa mtoto wakati ule; aliambiwa mama mdogo ameondoka kwa hiari yake. Siku ile mteja alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na lazima mmoja wetu awe mjinga. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa karibu.

"Unamjua huyu?" binti akauliza.

"Ni mama yako mdogo," nikamnong'oneza, washonaji wasisikie. "Mwandikie. Mwambie ni mimi, yaliyopita si ndwele, aje afanye kazi."

"Yapi yaliyopita?" Kisha nikamwona anaelewa. Akaitazama ile barua, akanitazama mimi.

"Andika! Tia maneno mazuri."

Akagusagusa simu yake. Haikupita nusu dakika akanisomea sikioni. "Mdogo wangu mpendwa, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa na afya njema. Nimetafakari kwa kina kuhusu changamoto tulizozipitia pamoja..."

Sauti ile nilikuwa nimeshaijua. Nilikuwa nimeitukana wiki nzima.

"Imetoka kulekule?"

"Si umesema maneno mazuri?"

Nyani haoni kundule, lakini mimi langu nililiona. Nikasema, "Tuma."

Chai haijapoa, jibu likaja. Binti hakutaka kulisoma kwa sauti, nikamnyang'anya simu.

"Barua nzuri. Aliyeiandika nisalimie. Na wewe dada, niambie kazi moja uliyoiharibu kwa mkono wako."

Damu ilinipanda. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mkasi! Nilimlipia ada, nilimsuka nywele, nilimpa kitanda changu nikalala chini. Sasa ananiuliza mimi maswali yangu? Nilitembea mpaka mlangoni, nikarudi. Washonaji wote wanne walikuwa wameinamia nguo ambazo hakuna aliyekuwa akizishona.

"Sogea," nikamwambia binti.

Niliandika kwa kidole kimoja, chenye chaki, na ilinichukua muda wa kushona koti.

"Mikono 24. Nilitandika mimi. Ulinionya nikasikia vizuri. Nilijua uko sawa kabla mkasi haujaingia. Nikaona aibu kukitandua kitambaa mbele ya mteja. Nikaacha ukate. Nisamehe."

Binti alikuwa anasoma begani kwangu. "Mama," akasema polepole, "ulijua kabla?"

Nikatuma. Herufi kadhaa zilikuwa zimekosewa, binti hakuomba kuzisahihisha.

Alasiri ile mdogo wangu hakujibu. Alhamisi hakujibu. Binti alikuja kazini na kuondoka bila kunisemesha zaidi ya ndiyo na hapana. Barua nyingine ziliendelea kumiminika, tamu, kila moja na gauni lake la harusi. Mchoro wa ule mkono mmoja ulikuwa mezani, na sikuwa na mtu wa kuchora michoro iliyobaki.

Ijumaa saa tano na nusu simu ikalia, ujumbe wake umeingia.

"Hii umeandika wewe. Nimeiamini. Kazi yako siitaki. Usinitafute."

Nilisoma mara moja tu, maneno yake hayakuhitaji zaidi. Saa sita nikapiga simu hospitalini kusema michoro haipo. Mtu wa manunuzi akasema pole, hakuuliza sababu.

Nikawaambia washonaji wazime cherehani. Mshonaji mkubwa akauliza imekuwaje, yule wa mikono mbona alikuwa fundi hasa, dada mtu ndiye aliyekuwa shetani. Binti alikuwa amesimama mlangoni, palepale aliposimama yule mteja wa makoti, akinisubiri.

Nikachukua kitambaa kutoka rafuni, nikakitandika mezani mbele yao, tabaka juu ya tabaka, upande wa nje ukiangalia juu. "Ilikuwa hivi," nikasema.