Turubai Kati Yangu na Mama Mkwe

Adrisi alitundika turubai katikati ya boti kabla mama mkwe hajapanda, nami nikamshukuru sana. Mungu anisamehe kwa shukrani ile.

Kwa Wasoga, kabila la mke wangu, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkononi, na kugusana ndiyo usiseme. Sisi Waluhya tuna mambo hayo hayo, kwa hiyo adabu haikunishinda. Ila wao wameongeza adhabu: ukimgusa mama mkwe unapatwa na obuko, mikono inatetemeka mpaka siku unayozikwa. Mimi Alfayo ni fundi wa pikipiki na mashine za kusaga, pale Malukhu, Mbale. Fundi akitetemeka mikono, nani atamletea kabureta? Kila mara nilipokwenda kwa wakwe nilikaa mbali, macho chini, mikono mfukoni.

Siku hiyo mke wangu Docus alikuwa amelazwa Jinja. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na daktari alitaka kumpasua kabla ya jioni. Docus akakataa katakata. Dada yake Roselyn aliwahi kuingia chumba cha upasuaji, mbali huko, baada ya mama yao kumwambia kwa simu, "Ingia tu, mwanangu." Aliingia, hakutoka. Sasa Docus hakutaka kusikia habari za simu. "Nataka mama hapa, nimwone kwa macho," akasema, akageukia ukutani. Nilimbembeleza, nikafoka, mwisho nikalia. Daktari akanivuta pembeni akaniambia kama ni kumleta huyo mama, nimlete haraka, maana mtoto hawezi kungoja.

Mama mkwe anaishi kisiwani. Nikateremka ziwani, nikamkuta Adrisi, Mnubi wa Jinja mwenye maneno mengi na mashine moja kuukuu ya boti, rangi yote imebanduka. Wenzake wote walikuwa wamekwenda sokoni.

"Ikiwa tupu hii ni farasi, bwana," akaniambia. "Ukiipakia watu inakuwa punda mgonjwa. Lakini wewe si umesema ni fundi?"

Kwenda, ilikuwa farasi kweli. Tulikuwa wawili, tumekaa nyuma, tangi la petroli limewekwa katikati ili boti isiinue pua, na mpira mrefu wa mafuta umelala sakafuni mpaka kwenye mashine. Nikajidanganya kwamba Adrisi ni mtu wa kulalamika tu.

Kurudi ndiko kulikotufunga. Mama mkwe alipanda na ndizi, mihogo na gunia la unga wa wimbi. Adrisi akamkalisha mbele ya turubai, upande wenye tangi, sisi tukabaki nyuma. Mashine ikanguruma vizuri, tukaondoka. Baada ya muda mfupi, ilipobidi kupanda mawimbi, ikaanza kukohoa. Adrisi akaongeza mafuta, nayo ndiyo kwanza ikalegea, kisha ikazima.

Nilifungua kifuniko nikasafisha plagi. Tukawasha, ikashika mara moja, ikatupeleka kidogo, ikalegea tena. Nikapandisha mashine nikatazama propela, nikang'oa magugu mawili matatu. Tukawasha, ikashika, ikalegea. Nikamwambia Adrisi alegeze kifuniko cha tangi, labda halipati hewa. Mambo yakawa yale yale. Kila tuliposimama ilijifanya imepona, na kila tulipoitaka nguvu ilitukana.

Wakati huo upepo ulikuwa unasukuma magugumaji kutoka pande zote. Yalikuja taratibu, kijani kibichi, na maua yake ya zambarau. Nilipogeuka nikaona njia tuliyopita imezibwa. Majengo ya Jinja nilikuwa nayaona, na sikuweza kuyafikia. Nilijisikia kama mtu aliyefungiwa chumbani huku anasikia mtoto wake analia nje.

"Adrisi, mwambie mama tupunguze mzigo," nikasema.

"Mama, fundi anasema tupunguze mzigo," akasema Adrisi, kana kwamba turubai lilikuwa ukuta wa matofali.

"Mwambie achukue ndizi. Achukue na mihogo," sauti ikajibu. "Gunia ya wimbi hapana. Hiyo ni uji ya mzazi. Nimeikalia, haitoki."

Tukatupa ndizi, tukatupa mihogo, chakula cha watu kikazama mbele ya macho yangu. Mashine ikawaka, ikatusogeza, ikazima ndani ya magugumaji kabisa. Adrisi akakimbilia mbele na mti mrefu, akaanza kuyasukuma yasituzingire. Simu yangu ikalia. Alikuwa Docus.

"Mko wapi?"

"Tunakuja."

"Mama yuko?"

"Yuko hapa hapa."

"Alfayo, mtoto hachezi tena sana," akasema, na simu ikakatika.

Niliogopa. Sioni aibu kusema. Nikakaa sakafuni kando ya mashine, na mkono wangu ukaangukia ile pampu ndogo ya mpira, ile ya kuminya kabla ya kuwasha. Ilikuwa imenywea, bapa kama chapati. Nikaishika. Upande wa pili wa turubai nikasikia mama mkwe anainuka kusali, kama alivyofanya kila tuliposimama. Pampu ikajaa mkononi mwangu.

Nikaacha kupumua. Akasema amina, akaketi. Nikaminya pampu, ikanywea, ikabaki imenywea.

Nikaufuata ule mpira wa mafuta kwa macho. Ulitoka kwenye pampu, ukapita sakafuni, ukaingia chini ya turubai. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inanyongwa! Polepole ilitosheka na matone yaliyopenya, ilipotakiwa kuvuta ikakosa. Na abiria wa Adrisi wote, akina mama wa sokoni, hukaa hapo hapo sakafuni juu ya magunia yao.

Sasa nimwambieje? Adrisi alikuwa mbele anahangaika na mti wake, jasho linamtoka, upepo unayameza maneno. Mwanamume anamuulizaje mama mkwe amekalia nini? Maneno hayo hayapo, hayajatungwa. Nilijaribu kukohoa. Nilijaribu kusema "samahani" kwa turubai. Halafu nikamkumbuka Docus amegeukia ukutani, nikapandwa na hasira, nikalishika lile turubai nikaling'oa kamba zote mbili.

Mama mkwe akajifunika uso kwa viganja. "Wewe! Umerogwa?"

"Mama, simama! Umekalia mafuta ya mashine!"

Alisimama. Nikavuta gunia, na chini yake mpira ulikuwa umekunjika, umezoea kukunjika, nikiunyoosha unarudi. Umeozea juani miaka mingi. Nikachukua spana nikaulaza ubavuni mwake, kama anavyofungwa mtu aliyevunjika mkono, lakini sikuwa na cha kufungia, na mikono miwili haikutosha kunyoosha na kufunga.

Nilisikia kitambaa kinafunguliwa. Alikuwa amejivua mshipi wa gomesi, lile gauni lake refu, ameunyoosha kwangu. Sikuupokea. Nilitazama mikono yangu.

"Chukua," akasema. Hakupitia kwa Adrisi. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe, alinisemesha mimi.

"Mama, obuko..."

"Obuko ije. Mtoto moja nilimwambia kwa simu aingie." Akasogea karibu. "Kwa huyu wa pili nitafika."

Akapiga magoti, akaushika mpira ukanyooka. Nikazungusha mshipi juu ya spana, juu ya mpira, na mara mbili juu ya vidole vyake, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Vilikuwa vikavu na vya moto. Nilivichomoa kimoja kimoja, nikakaza fundo. Nikaminya pampu, ikajaa, ikawa ngumu kama yai.

Adrisi alirudi nyuma, akatuona, akageuza uso upesi. Akavuta kamba. Mashine ikanguruma, akaongeza mafuta, na safari hii boti ikainua pua ikayapasua magugumaji. Mama mkwe alishika gomesi yake isifunguke kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashika lile fundo njia nzima.

Docus alimwona mama yake mlangoni, akanyoosha mkono, akawaambia wauguzi, "Twendeni."

Tulingoja kwenye benchi moja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Baadaye muuguzi akatoka, akasema mama mzazi amezinduka na anauliza uji. Akamkabidhi mama mkwe mtoto wa kike aliyefungwa kwenye shuka.

Desturi ni kwamba angemlaza mtoto juu ya benchi, asogee, ndipo nimchukue. Nilisogea kabisa kumpisha. Akainuka akanijia mpaka miguu yetu ikakaribiana, akaniwekea mtoto mikononi.

"Mama, mikono inatetemeka," nikamwambia.

"Hata yangu," akasema, na hakuiondoa.