Dengu za Jumatano

...na bado hawajamjibu, Geeske kasimama na kisu mkononi, kauliza mara mbili, "Viazi vingapi?", maana katika nyumba za huku kwao hakuna kumenya kwa kubahatisha, mpishi anauliza, kila mlaji anataja idadi yake, ndiyo hiyohiyo atakayopewa, asilalamike, na huko sebuleni kimya utadhani wameulizwa umri wao, loo, nyumba hii itanitia wazimu, sukuma wiki imeshakatwa, ya kupondwa pamoja na hivyo viazi wasivyotaka kuvitaja, dengu zimeshachemka, kazisaga na kitunguu na mkate mkavu wa juzi, kazifinyanga duara mithili ya madonge ya nyama ya kusaga, kwa sababu leo Jumatano, na Jumatano ni siku ya nyama ya kusaga tangu dunia iumbwe, na ndiyo siku mama mkwe anayokuja kula, Mama Aaltje, ambaye wiki iliyopita aliligeuzageuza donge la dengu kwa uma akauliza, "Mnyama huyu alikufa kwa ugonjwa gani?", wote wakacheka, na Roelof akacheka, mume mzima, ilhali anajua fika nyama imekwenda wapi, kwani si yeye aliyeachishwa kazi kiwanda cha karatasi, si yeye aliyemshika mkono chumbani, "Mama asijue, Geeske, ataumia, mwambie ni mambo ya afya", haya, afya, tangu majira ya kuchipua Geeske ndiye kichaa wa afya, ndiye anayemtesa mtoto wa watu kwa maharage, hata binti yake Fenna kamwambia shangazi yake kwenye simu, "Mama amekuwa sungura", na Roelof yupo, anatafuna, anakunja uso mbele ya mama yake kama mfungwa, we Roelof we, ipo siku nitaligeuza sufuria hili juu ya... taratibu, madonge yanashika chini, ayageuze, dengu zenyewe hazina kosa, zikipata haradali kidogo ng'ombe haoni ndani, na ukweli usemwe, kitambi cha Roelof kimepungua, Fenna ngozi imemtakata, wanakula vizuri kuliko zamani, kinachomkaba si chakula, ni kufanywa mwendawazimu jikoni kwake ili mwanamume abaki na heshima sebuleni... "Viazi vingapi, jamani, au niwapikie maganda?"

"Viwili!" huyo Fenna. "Vitatu," Roelof, bila hata haya. Halafu sauti ya mama mkwe, "Mimi kimoja."

Kimoja? Mama Aaltje ni mtu wa viazi vinne, tangu Geeske aolewe ni vinne, hata siku walipomzika mumewe vilikuwa vinne, kimoja ndiyo nini, ananisusia, sasa hata viazi vyangu vina kasoro, basi aje amenye mwenyewe, aje... na kweli anakuja, ndala zinaburuzwa, ajuza kasimama mlangoni, ananusa, haya, tema sumu yako, mama, leo na mimi ninayo.

"Maji ya viazi usiyamwage," anasema, "yanafaa supu."

"Najua, Mama."

"Najua kwamba unajua." Anausukuma mlango nyuma yake, anashusha sauti. "Baba yake Roelof alipoachishwa kazi, mimi niliwaambia watu daktari kanikataza nyama. Miaka miwili, tumbo langu likawa gumzo la kijiji kizima. Na yeye akicheka nao."

Anajua, Mungu wangu, anajua, na tangu lini, na ule mzaha wa mnyama ulikuwa wa nini, au alikuwa akimchokoza mwanawe aseme, na mwanawe akacheka, na kati ya vitu vyote eti anajinyima kiazi, kitu rahisi kuliko vyote humu ndani, ajuza wee, Geeske hajui acheke au alie, hasira ipo palepale ila imehama, imepita ukutani, imekwenda kuketi sebuleni kwenye kochi karibu na Roelof, mwenye mali...

"Ulimwambia lini kwamba imetosha?"

"Sikumwambia," anasema mama mkwe. "Nilisema nitamwambia, nitamwambia. Tukamzika hajui kama nilikasirika."

Maji hayajachemka, hakuna kiazi kilichomenywa, televisheni inacheka peke yake, na Geeske anaweka kisu chini.

"Roelof! Njoo umweleze mama yako kwa nini tunakula dengu."